Washauri Waliokuja Turkana Kabla Yetu

Mwaka juzi tulipeleka timu ya vijana Kalokol kucheza mpira wa amani na vijana wa huko. Ukiwa mkimbizi, safari kama hiyo inaanza na karatasi: ruhusa ya kutoka kambini, majina, picha, siku ya kwenda na siku ya kurudi. Tulitoka Kakuma alfajiri, tukapita Lodwar, tukafika ziwani kabla ya saa sita. Wachezaji wengi walikuwa hawajaona maji mengi namna ile tangu watoke kwao. Mmoja wa Uvira alisimama akasema, "Kumbe na huku kuna Tanganyika." Akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Ziwa Turkana lina magadi.

Pale Kalokol kuna jengo moja ambalo halifanani na mengine. Kubwa, la zege, la kizamani, kama limeshuka kutoka mahali pengine likakosa njia ya kurudi. Nilimwuliza mzee mmoja Mturkana aliyekuwa anashona nyavu kivulini.

"Hiyo ni ya Wanorwe," akasema.

"Ya kazi gani, mzee?"

"Kugandisha samaki."

"Na waligandisha?"

"Siku chache." Akacheka, akaendelea kushona.

Nilirudi kambini na hilo jengo kichwani. Nilikuwa na sababu yangu ya kulifikiria sana, nitaisema mbele. Kwanza nilitafuta habari zake: kwenye vitabu vya maktaba, kwa simu usiku wakati mtandao unakuwa na nguvu, na kwa walimu wawili wa hapa ambao kwao ni Turkana. Haya ndiyo niliyopata.

Nianze mbali kidogo. Tarehe 20 Januari 1949, Rais Truman wa Marekani alitoa hotuba ya kuapishwa kwake, na jambo la nne katika hotuba hiyo lilikuwa kwamba nchi zenye viwanda zizisaidie nchi maskini kwa ujuzi. Fedha zilitajwa pia, lakini ujuzi ndio uliokuwa kiini. Umoja wa Mataifa nao ukaanzisha mpango wake wa msaada wa kiufundi wakati huohuo. Basi nchi za Afrika zilipopata uhuru, mtaalamu wa kigeni alikuwa tayari ni sehemu ya kila msaada, kama vile chumvi ilivyo sehemu ya mboga. Wazo lenyewe halikuwa baya. Walisema: hawa wanakosa ujuzi, na ujuzi unasafiri ndani ya mtu, kwa hiyo tumtume mtu. Tumwekee pembeni mwenzake mwenyeji, ajifunze. Baada ya miaka miwili mitatu mgeni ataondoka na mwenyeji atashika kazi.

Huku Turkana, mambo yaliingia kwa mlango wa njaa. Mwaka 1960 na 1961 kulikuwa na ukame mkali, mifugo ikafa, na watu wakakusanywa kwenye kambi za chakula. Ndiyo, kambi. Kabla yetu wenyeji wetu walishapanga foleni ya posho kwenye ardhi yao wenyewe, na nadhani sisi wakimbizi tungekumbuka hilo mara nyingi zaidi. Baadhi yao walipelekwa ziwani, serikali ikawafundisha kuvua kwa nyavu, na baadaye chama cha ushirika cha wavuvi kikaanzishwa Kalokol. Miaka ya 1970 Norwe ikaingia. Ukifikiria, nani anajua samaki kuliko Mnorwe? Wakaleta wataalamu, wakaleta maboti ya faibaglasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kile kiwanda kikawa tayari, na vyumba vyake vya baridi, ili samaki wakatwe minofu, wagandishwe, wauzwe mbali.

Hadithi inayosimuliwa kwenye semina, hata mimi niliisikia hivyo mara ya kwanza, ni kwamba mradi ulikufa kwa sababu Waturkana ni wafugaji na hawali samaki. Watu wanacheka, wanapiga makofi, wanaenda kunywa chai. Mimi hadithi hiyo naikataa zaidi ya nusu. Ni kweli kwamba kwa Mturkana ng'ombe, ngamia na mbuzi ndio utajiri, na mtu wa samaki alionekana ni mtu aliyefilisika. Lakini Waturkana wa ziwani walikuwa wakivua kwenye maji mafupi kwa vikapu vyao tangu zamani, na ng'ambo ya mashariki kuna Waelmolo ambao maisha yao yote ni ziwa. Katikati ya miaka ya 1970 samaki waliotoka katika ziwa hili walikuwa wengi kuliko wakati wowote uliowahi kuandikwa kabla ya hapo. Watu ambao "hawavui" ndio waliowatoa. Hebu tuache kumlaumu mtu kwa kosa la jokofu.

Kosa la jokofu lilikuwa hili. Joto la Kalokol linapita digrii 35 mchana, siku nyingi. Kumtoa samaki kwenye joto hilo mpaka awe barafu kunahitaji stima nyingi sana, na stima haikuwepo ila ya jenereta, na dizeli inatoka mbali. Kunahitaji pia maji safi kwa wingi, mahali ambapo wanawake wanachimba mchanga wa mto kupata ndoo moja. Ukijumlisha gharama, samaki alikuwa anagandishwa kwa pesa nyingi kuliko ambazo angeleta sokoni. Mitambo ikazimwa. Jengo likabaki ghala ya samaki wakavu.

Hapo kwenye samaki wakavu ndipo nilipokaa sana. Wavuvi walikuwa wanajua tayari njia ya kumhifadhi samaki kwa jua na chumvi, vitu viwili ambavyo Turkana havikosi. Na soko lilikuwepo. Mpaka leo samaki wakavu wa ziwa hili wanapakiwa kwenye malori, wanashuka Kitale, Kisumu, Busia, wanavuka Uganda, na wengine wanaishia Congo. Yaani huenda bibi yangu kule kwetu alishawahi kupika samaki wa Kalokol na kutuwekea kwenye sahani, karibu na ndakala wa Tanganyika, bila mtu yeyote kutoka Oslo kumshauri. Mshauri alikuja kutafuta jinsi ya kuwapelekea walaji wa mbali samaki, na njia ilikuwa inapita mbele yake ikinuka.

Na lile ziwa lenyewe. Samaki wengi wa miaka ya 1970 walitoka kwenye ghuba moja yenye maji mafupi, Ferguson's Gulf, hapo hapo karibu na Kalokol, ambapo ngege walikuwa wanazaliana. Mpango mzima ulisimama juu ya ghuba ile. Lakini ziwa hili sehemu kubwa sana ya maji yake inaletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na linapumua: linapanda, linashuka. Miaka ya 1950 lilikuwa chini. Mvua kubwa za 1961 zikalipandisha. Wataalamu walilikuta likiwa juu, wakafikiri hiyo ndiyo sura yake. Ukame wa miaka ya 1980 ukaja, maji yakarudi nyuma, na kufikia mwisho wa miaka hiyo ghuba ilikuwa imekauka. Leo limepanda tena, limefukuza watu kwenye fukwe zao. Mzee yeyote wa pale aliyekuwa na miaka hamsini wakati kiwanda kinachorwa alikuwa amelishuhudia ziwa la chini na ziwa la juu. Kumwuliza kungechukua mchana mmoja na tumbaku kidogo.

Kuna walioona tatizo hili wakiwa ndani ya mashirika yenyewe. Mwaka 1993 shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa kitabu kilichoongozwa na mchumi Elliot Berg, na kilisema wazi kwamba ule mpango wa mtaalamu mgeni na mwenzake mwenyeji haukuwa umejenga uwezo uliotarajiwa Afrika. Mwenzake mwenyeji alihamishwa, au aliacha kazi akatafute mshahara mzuri, au hakuwahi kuwepo ila kwenye karatasi. Mwaka huohuo Edward Jaycox, aliyekuwa makamu wa rais wa Benki ya Dunia upande wa Afrika, alisema kwamba namna ya kutegemea wataalamu wa kigeni ilikuwa inabomoa uwezo wa Waafrika badala ya kuujenga. Maneno hayo yalitoka kwenye mdomo wa bosi wa wataalamu wenyewe. Miaka zaidi ya thelathini imepita na bado naona magari yanashusha masanduku.

Lakini nisiwe mwongo. Wanorwe hao hao walisaidia kujenga barabara ya kutoka Kitale kushuka mpaka Lodwar, ili samaki na maendeleo vipite. Samaki wa barafu hawakupita. Waliopita ni sisi. Kambi ya Kakuma ilipoanza mwaka 1992 na wale vijana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia, mahindi yao, mahema yao na dawa zao vilikuja kwa barabara ile. Kila gunia la rasheni ulilowahi kubeba begani limepita hapo. Mimi mwenyewe niliingia Turkana nikiwa na miaka minane, nimelala kwenye miguu ya mama ndani ya basi, juu ya kazi ya watu ambao majina yao sitayajua. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama wale washauri walifaa, siwezi kusema hapana moja kwa moja. Barabara ilifaa kwa jambo ambalo hakuna aliyeliandika kwenye mpango.

Halafu waliondoka ghafla. Oktoba 1990 serikali ya Kenya ilimshtaki Koigi wa Wamwere, mwanasiasa aliyekuwa mkimbizi Norwe, kwa kosa la uhaini. Norwe ikalalamika, Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi, na misaada ikakatika. Mpango mzima wa Turkana, ofisi, magari, mishahara, ukasimama kwa ugomvi uliokuwa Nairobi. Uhusiano ulirudi mwaka 1994, lakini kitu kilichokatwa hakiungani palepale. Barabara nayo, bila matengenezo ya kutosha, ikala mashimo mpaka madereva wakawa wanaendesha pembeni yake mchangani. Ni miaka hii ya karibuni tu imewekwa lami mpya.

Kitu cha tatu walichotuachia huna haja ya kusafiri kukiona. Toka nje ya nyumba yako uangalie ua. Mathenge, ambao Waturkana wanauita etirae. Mti huu asili yake ni Amerika ya Kusini na ya Kati, na uliletwa sehemu kavu za Kenya na miradi ya misaada. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa kwa bidii, hapa Turkana na kule Baringo, kwa sababu nzuri kabisa: kivuli, kuni, kuzuia mchanga, na mti usiokufa kwa kiu. Ushauri huo ulikuwa sahihi kupita kiasi. Mti haukufa kwa kiu, haukufa kwa panga, haukufa kwa moto. Mbuzi anakula maganda yake matamu, anatembea, anapanda mbegu kwa kinyesi. Ukaziba njia za mifugo, ukaingia kingo za mito, miiba yake inatoboa kandambili na mpira wa boda. Utamu wa maganda unaozesha meno ya mbuzi mpaka anakosa ya kutafunia. Mwaka 2006 wananchi wa Baringo waliishtaki serikali, na wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Nadhani ndiye shahidi bora kuliko wote katika historia ya misaada.

Na bado, bila mathenge sisi tungepika na nini? Tungezungushia nyumba nini? Watoto wangesoma chini ya kivuli gani? Ni mti uleule. Mwenyeji anaulaani kwa ajili ya mbuzi wake, na mimi naukata kwa ajili ya maharage yangu, na wakati mwingine tunagombana kwa ajili yake. Mshauri aliyeuleta hakuwahi kuchomwa na mwiba wake, na hakuwahi kupikia kuni zake.

Sasa nifike kwenye sababu yangu.

Mimi ni mfanyakazi wa vijana, mfanyakazi wa posho kama mnavyotuita. Nimemaliza fomu foo hapa kambini, Kiingereza changu kinasikika, kwa hiyo mgeni akija naitwa kutafsiri. Miaka michache iliyopita shirika moja lilileta mshauri wa siku kumi na mbili kutengeneza mradi wa kuku kwa vijana. Alikuwa mtu mzuri, sitaki mfikirie vingine. Alijua kuku vizuri sana, aliwahi kuwafuga kwao. Siku ya tano tulikaa chini ya mwarobaini na wazazi na vijana kama thelathini, na karatasi ya mahudhurio ikazunguka. Aliuliza kama kuna maoni kuhusu vifaranga mia tatu.

Mama mmoja Mkongomani wa Kakuma 3 alisimama. Huyu mama amefuga kuku hapa miaka tisa. Akasema kwa Kiswahili chetu: "Mtoto yangu, muambie aanze na maji. Bomba yetu inatoka masaa mawili asubuhi, siku ingine haitoke kabisa. Kuku mia tatu watakunywa nini saa nane ya jua? Watoto wangu ndio watawapa zamu yao? Na hawa vijana wa kwenye liste, nusu wanangoja ndege ya kuenda Marekani. Wakienda, kuku ni za nani?"

Mshauri akanigeukia. Bosi wangu alikuwa amekaa pembeni, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nikasema kwa Kiingereza: anasema maji pia ni muhimu, na wanashukuru sana kwa mradi.

Mshauri akatabasamu, akaandika. Mama akaniangalia. Hajui Kiingereza, lakini alihesabu maneno yake na yangu, akaona hayalingani. Akakaa.

Vifaranga walikuja. Wiki ya tatu pampu iliharibika siku mbili, na ilikuwa Februari. Tuliwazika walio wengi kwenye shimo moja nyuma ya banda, mimi nikiwa na koleo. Ripoti ilishaandikwa zamani, na ndani yake, niliiona, kulikuwa na sentensi inayosema jamii ilishirikishwa. Saini yangu ipo kwenye karatasi ya mahudhurio, namba nne.

Mpaka siku ile nilikuwa nafikiri mshauri anashindwa kwa sababu hajui. Sasa naona kwamba kati yake na mtu anayejua kuna watu kama mimi, wanaokula kwa sababu yeye amekuja, na ambao hawataki aondoke amekasirika. Nilipomwona yule mzee wa Kalokol akishona nyavu nilijiuliza: miaka ile ya 1970, Wanorwe walipofika ziwani, mkalimani alikuwa nani? Alikuwa kijana gani wa Lodwar aliyesoma misheni, mwenye shati safi, ambaye mzee alimwambia "ziwa hili linaondoka" na yeye akasema "anashukuru sana"? Labda hakuulizwa mzee yeyote. Labda aliulizwa, akajibu vizuri, na jibu likafia njiani. Kwenye vitabu utamkuta mtaalamu na utakuta fedha. Mkalimani hayumo.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika na mnasoma jarida hili, najua baadhi yenu ni washauri. Msikasirike, bado tutakunywa chai. Naomba jambo moja dogo tu: mkalimani wenu asilipwe na mwenye mradi. Na mkiona mtu ameongea dakika tatu na tafsiri ikaja sekunde kumi, msiandike. Ulizeni tena.

Mwezi ujao anakuja mwingine. Safari hii ni mboga, bustani za matone ya maji, na jina langu limeshawekwa kwenye orodha ya kutafsiri. Jumapili baada ya ibada nilienda kwa yule mama. Ana kuku wanne, wanakunywa maji aliyooshea vyombo, na wote wanene. Nilimwomba msamaha kwa yale ya mwarobaini. Hakusema amesamehe na hakusema hajasamehe, alinisogezea kibao nikae. Halafu akauliza, "Safari hii utasema yote?"

Nikamwambia nimekuja na daftari, aseme sasa, niandike, nimsomee mpaka akubali. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaniambia niandike kwanza tarehe, kisha akaanza na maji.